Laki nane ya laptopu, na wewe unaenda kusoma uhandisi

Kuna mdogo wetu kaniandikia juzi: "Shikamoo kaka. Nimechaguliwa uhandisi wa ujenzi (Civil) Mlimani. Mzee kanipa laki nane ya laptopu. Nimeona moja mpya kabisa, nyembamba, rangi ya dhahabu, jamaa wa dukani anasema ndiyo za kisasa. Nichukue?"

Marahaba mdogo wangu. Nilimwambia anipigie picha ile karatasi ya sifa iliyobandikwa pembeni. Prosesa, yaani ubongo wa mashine, ni Celeron N4020; RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, 4 GB; hifadhi ya mafaili ya eMMC 64 GB. Sasa sikilizeni: Microsoft wenyewe wanasema Windows 11 haikai chini ya RAM 4 GB na nafasi ya 64 GB. Maana yake hiyo mashine ya dhahabu imetosha kubeba Windows, basi. Programu zetu za kuchorea je? AutoCAD inaanzia RAM 8 GB, Revit inaanzia 16. Na hizi nyembamba za bei ya chini RAM yake mara nyingi imechomelewa kwenye ubao, kwa hiyo hata ukipata boom, hela ya mkopo wa chuo, ukasema uiongeze, fundi atakurudishia mikono mitupu.

Nimeona nimjibu hapa, maana najua hayuko peke yake.

Mimi nilipoingia chuo sikununua laptopu muhula wa kwanza. Watu walinishangaa. Lakini kazi ya mwaka wa kwanza kwetu ilikuwa hesabu, na michoro tuliyokuwa tunaichora kwa mkono, ubao na penseli. Madesa nilisoma kwenye simu. Hela ikatulia benki, mimi nikawa nauliza mafundi na kaka zetu wa mwaka wa nne wanatumia programu gani. Jibu lilikuwa lilelile: AutoCAD na Civil 3D za kuchorea, ETABS ya kuchambua majengo, MATLAB ya hesabu kidogo, na Excel kuliko zote. Hapo ndipo nilipojua natafuta mashine ya nini.

Nikaenda Kariakoo na rafiki yangu mmoja. Duka la kwanza tukaonyeshwa mashine ina stika ya i7 imeng'aa pale pembeni ya kibodi. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc, ikafunguka Task Manager, nikaingia kwenye Performance. Pale juu imeandikwa i5-6200U. Kore mbili, yaani vichwa viwili tu vya kufanya kazi. Nikamwonyesha muuzaji. Hata hakuangalia kioo, alinitazama viatu, akaniuliza mbele ya wateja, "Kijana, unanunua au unakagua?" Watu wakacheka. Ile kauli ninayo mpaka leo.

Basi nakagua, kaka. Na wewe unayesoma hapa, kagua. Hela ni ya baba yako aliyeuza mahindi.

Namba ya prosesa isome hivi: i5-8350U, ile 8 baada ya kistari ndiyo jenerasheni. Ni ya nane. Na hapa ndipo wengi wanapigwa, kwa sababu wanatazama i7 wanadhani imeizidi i5 siku zote. i7-7500U ina kore mbili. i5-8250U, ambayo kwa jina ni ndogo, ina kore nne. Intel waliongeza kore kwenye mashine hizi nyembamba za ofisini kuanzia jenerasheni ya nane, na hiyohiyo ya nane ndiyo Microsoft wanaanzia kuikubali kwenye Windows 11, ukiacha chache za nyuma. Windows 10 imeachwa na Microsoft tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo muuzaji akikwambia ya saba "inakubali tu, nitakuwekea", mwambie aiweke kwake.

Duka la pili nikapata ThinkPad T480. Mtumba wa ofisi za Ulaya, i5-8350U, RAM 8 GB, hifadhi ya SSD ya 256 GB. Nyeusi, nene, kona moja imechubuka. Nikafungua Command Prompt, dirisha la amri la Windows, nikaandika powercfg /batteryreport, ikatoa ukurasa. Unatafuta mistari miwili tu: DESIGN CAPACITY, yaani betri ilivyotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, yaani inavyojaa leo. T480 ina betri mbili, ya ndani na ya nyuma. Ya ndani ilitoka na mWh elfu ishirini na nne kasoro kidogo, inajaa elfu kumi na tisa. Kwa mtumba hiyo ni betri nzima. Nikaizima, nikaiwasha nikibonyeza F1 nione kama BIOS, ile programu inayoamka kabla ya Windows, ina nywila ya kampuni ilikotoka. Haina. Nikafungua kila tundu, nikachapa kila herufi kwenye Notepad. Muuzaji, Mungu ambariki, akanivutia stuli nikae.

Darasani ikapewa jina: Tofali. Kulikuwa na mwenzetu ana mashine ya magemu, taa za rangi chini ya kibodi, akifika vimbwetani, kwenye viti vya kusomea vya nje, watu wanasogea waione. Kwenye kazi za kikundi alikuwa anasema, "Tofali litaandika ripoti, sisi tuchore." Na mimi nikaandika ripoti. Mihula miwili naandika ripoti. Boom lilipoingia nikaongeza kipande kingine cha RAM cha 8, ikawa 16, kwa sababu T480 ina nafasi mbili. Nikanunua na betri ya nyuma ya akiba, ambayo unaichomoa na kuchomeka nyingine bila kuzima mashine maana ya ndani inashikilia. Vimbweta tulivyokaa havina soketi. Ile mashine ya taa ilikuwa inaishiwa chaji kabla ya saa sita mchana.

Mwaka wa nne, mradi wa mwisho, jengo la ghorofa kwenye ETABS. Yule bwana wa taa mashine yake ilikuwa inachemka, feni inalia, inazima katikati ya uchambuzi. Alikuja geto kwangu usiku na flashi. Nikamwekea faili, tukakaa tunaangalia mstari unasogea mpaka ukamaliza. Akasema, "Kumbe iko vizuri." Sikumjibu kitu. Nikamchemshia chai. Lakini jamani, niliisubiri siku ile.

Vijana wa siku hizi mnanunua kuonekana. Boom linaingia, kabla halijapoa limeshakwenda kwenye kitu cha kupigia picha, halafu wiki ya kumi unaazima mashine ya mwenzio. Mhandisi anapima kabla ya kukata. Kama hujui kupima laptopu ya laki nane, kesho utapewa zege la milioni mia nane ulipimeje?

Wa Mechanical mnaofanya SolidWorks yenye vipande vingi, na wasanifu mnaotengeneza picha za Lumion, kwenu stori ni tofauti: tafuteni kadi ya grafiki ya NVIDIA. HP ZBook au Dell Precision za mtumba zinafaa, ila ni nzito na zinakula umeme. Civil na Electrical msihangaike nayo.

Na mjomba akikwambia anakutumia MacBook kutoka Marekani, mshukuru, halafu mwombe akutumie hela. Revit, SolidWorks na ETABS zimetengenezwa kwa Windows. Mac za zamani za Intel uliweza kuweka Windows kwa Boot Camp. Kuanzia zile za prosesa ya Apple wenyewe, M1 ya mwaka 2020, hiyo njia haipo.

Kraki za programu, yaani zilizovunjwa leseni, achaneni nazo. Autodesk wanampa mwanafunzi AutoCAD, Revit na Civil 3D bure kwa mwaka, unahuisha kila mwaka ukithibitisha unasoma. Octave, inayofanana na MATLAB, ni bure, na programu nyingi mnazoandika darasani kwa MATLAB zinakubali humo. Mnaambukiza flashi za darasa zima kwa kitu mnachopewa bure!

Kwa laki nane, mdogo wangu, ulizia T480, HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 5490. Kioo kiwe cha pikseli 1920 kwa 1080. Baadhi ya hizi zipo pia za 1366 kwa 768, na humo vitufe vya AutoCAD vinakula nusu ya mchoro. ThinkPad X1 Carbon ni nzuri machoni lakini RAM yake haiongezeki. Nenda asubuhi, siku ya katikati ya wiki, muuzaji akiwa hana haraka. Dai risiti yenye namba ya mashine na waranti imeandikwa, hata kama ni ya mwezi. Na angalia chaja wanayokupa: iwe ya wati 65. Kuna wanaokufungia ya 45, na hiyo inachaji polepole zaidi.