Nimefuta programu ya mtandao, intaneti nayo ikaondoka

Niliondoa programu ya kusimamia mtandao iliyokuja na laptopu. Nilipoiwasha upya, Wi-Fi haionekani kabisa. Nimeua kadi ya mtandao?

Hujaiua. Programu nyingi za aina hiyo zikifutwa huondoka na draiva ya kadi, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, kisha utazame orodha. Ukiona kifaa chenye alama ya mshangao ya njano, draiva imepotea. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB na uiruhusu igawe intaneti kupitia waya huo. Mara nyingi Windows huitambua bila kudai kitu kingine. Kisha chukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu.

Kama kadi iko salama ila haioni mtandao wowote, fungua services.msc kwa njia ile ile, utafute WLAN AutoConfig, huduma ya Windows inayoendesha Wi-Fi. Baadhi ya programu hizi huizima huduma hiyo ili zenyewe ndizo ziendeshe Wi-Fi, na zikiondoka hazikumbuki kuiwasha. Iweke ijiwashe yenyewe.

Kompyuta yangu inasema imeunganishwa, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Nilikuwa nimefuta programu ya kuchuja tovuti.

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Fungua dirisha la amri, andika ping 8.8.8.8. Ikijibiwa, njia ya kutoka ipo na kasoro huenda iko kwenye DNS, yaani kule majina ya tovuti yanakogeuzwa kuwa namba. Vichujio hupenda kuweka DNS kuwa 127.0.0.1, anwani ya kompyuta yenyewe, ili kila ombi lipitie kwao. Kichujio kimefutwa, maombi bado yanabisha mlango ule ule, na ndani hamna mtu. Andika ncpa.cpl, ingia kwenye sifa za kadi, kisha IPv4, uchague DNS ipatikane yenyewe. Ukiwa hapo, pitia pia mipangilio ya proksi ya Windows, yaani kompyuta au programu ya kati ambayo maombi hupitia. Mtego ni ule ule.

Ping isipojibiwa, andika ipconfig. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake kompyuta imekosa anwani kutoka kwa ruta, ikajipa yake. Rudi kwenye sifa za kadi: katika orodha ya vipengele huenda kuna kichujio chenye jina la programu uliyoifuta, kimekaa katikati ya njia. Kiondolee tiki. Kisha, kwa dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi, andika netsh winsock reset, halafu netsh int ip reset, na uwashe kompyuta upya. Amri ya pili hufuta anwani ulizoziweka kwa mkono, kwa hiyo ziandike pembeni kwanza.

Nilifuta VPN, ile programu ya kupitisha intaneti kwenye njia ya siri, sasa hakuna kinachotoka.

Huenda kinga yake ya kukata intaneti VPN inapozimika iliachwa ikiwa imewashwa. Irudishe VPN hiyo hiyo, zima kinga, ndipo uifute.

Kwa nini nisibonyeze tu ile ya kurejesha mtandao upya kwenye mipangilio?

Unaweza. Ipo tangu Windows 10 ya mwaka 2016. Ila husahau nywila zote za Wi-Fi na kuondoa kadi zote kisha kuzisakinisha tena, ndiyo maana mimi huiacha iwe ya mwisho. Na kama faili za draiva zenyewe hazimo kwenye kompyuta, haitakuletea.

Natumia Ubuntu. Nilifuta network-manager, programu yake ya kusimamia mtandao, nikidhani ni ya ziada.

Pole, umemfukuza dereva gari likiwa mwendoni. Chomeka waya wa mtandao, andika ip link upate jina la kadi, kisha sudo dhclient ikifuatiwa na jina hilo (kwenye Ubuntu 24.04 na kuendelea, andika dhcpcd badala ya dhclient). Ukipata intaneti, sudo apt install network-manager. Ukikosa waya, chungulia /var/cache/apt/archives. Pengine kifurushi bado kimelala humo, na dpkg -i itakisakinisha bila intaneti.