Jibu: Kukadiria mvua ya Mazeras kwa vipimo vya Nyali, Likoni na Mariakani

Ndugu yangu, umeuliza kama wastani wa vituo hivyo vitatu unatosha. Hautoshi. Chora variogramu kwanza, yaani grafu ya jinsi mvua inavyozidi kutofautiana kadiri vituo vinavyoachana: kwa kila jozi ya vituo chukua tofauti ya mvua, izidishe kwa yenyewe, gawa kwa mbili, kisha panga kwa umbali. Tuseme Nyali 20 mm, Likoni 14: tofauti 6, mraba wake 36, nusu 18. Ila vituo vitatu ni jozi tatu tu, haba mno, tafuta vingine.

Grafu isipoanzia sifuri usishtuke: hata mahali palipokaribiana sana mvua huweza kutofautiana. Juzi hapa Kisauni nguo zangu zimerowa kambani, ng'ambo ya barabara kukavu!

Halafu jozi za kufuata pwani, kama Nyali na Likoni, zitenge na za kupanda bara, maana mvua hubadilika upesi zaidi ukielekea Mariakani. Krigingi, yaani kukadiria Mazeras kwa kuvipa vituo uzito kufuatana na variogramu hiyo, ni baadaye.