Mbona sanamu yangu ya gunia inafanana na furushi la mkaa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Tanga. Natengeneza sanamu ya mtu aliyechuchumaa, amejifunika gunia gubigubi, uso hauonekani. Nilisuka umbo kwa waya, nikajaza magazeti, nikalowesha gunia kwenye gundi nyeupe ya mbao, nikalivika. Lilipokauka, kila apitaye anauliza bei ya mkaa. Mvua zilipoanza likalegea, na sasa limeota ukungu. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Makosa ni mawili, na la gundi ndilo dogo.

Kubwa ni magazeti. Umeujaza mwili ukawa mviringo kila upande, gunia halina pa kuning'inia. Mtu aliyejifunika shuka gubigubi alfajiri tunamjua ni mtu kwa sababu shuka inashuka kutoka sehemu chache ngumu: ncha ya bega, kiwiko, nyonga, goti. Kwingine kote ni kitambaa tu. Basi ng'oa magazeti, ongeza mifupa. Kwa aliyechuchumaa, magoti, mabega na zile pingili zinazotokeza pale shingo inapoinama zichomoze kuliko unavyoona inafaa, maana gunia ni nene na hulainisha kila kona. Kabla ya kuweka gundi, livike likiwa kavu, kisha lisogelee jioni taa ikiwa ubavuni. Usipoona goti hapo, hutaliona tena.

Halafu namna ya kukata. Gunia likikatwa kwa kufuata nyuzi hukakamaa kama karatasi. Likikatwa mshazari, kona kwa kona, hunyumbulika na kulala juu ya goti bila kujikunja ovyo. Mafundi cherehani wanalijua hili. Sisi wa sanamu ndio tunaolisahau.

Aliyefika mbali na gunia ni Magdalena Abakanowicz wa Poland. Kati ya mwaka 1976 na 1980 alitengeneza migongo 80, mitupu, imeinama, haina vichwa. Hakuivika juu ya waya. Aligandamiza gunia lenye rezini (majimaji mazito yanayoganda yakawa magumu) ndani ya kalibu ya plasta, ule unga mweupe unaokorogwa na maji ukaganda, iliyotokana na mwili wa mtu, likakauka na kubaki ganda, ndani uvungu. Ukizunguka mbele hukuti mtu. Kabla ya hapo, miaka ya 1960, alikuwa akifuma vitu vikubwa vya kuning'inia kwa nyuzi za mkonge. (Wewe wa Tanga umezungukwa na mkonge, sijui kwa nini umekimbilia gunia.) Ukitaka kalibu ya mgongo wa rafiki yako, tumia bendeji za plasta na mpake vaselini kwanza. Usimmwagie plasta nzito: ikiganda hutoa joto la kuunguza ngozi.

Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alipita njia nyingine. Wanawake wanne wa shaba nyeusi aliowaweka mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, mwaka 2019, wamevikwa mikanda iliyojizungusha mwilini, na kisahani king'aacho kimeziba mdomo wa mmoja, macho ya mwingine. Ngozi iko usoni na mikononi tu. Lakini hakuna anayewaona kama mizigo, kwa sababu mkao wao umenyooka na viganja vinasema. Na kwa sanamu yako, nikisema waziwazi, ningeacha vidole vya mguu mmoja vichungulie chini ya gunia.

Sasa gundi. Gundi nyeupe ya kawaida ni ya maji, na maji yakirudi hulainika. Pwani haihitaji hata mvua. Kwa sanamu ya ndani inatosha. Ya nje inataka rezini ile ya mafundi wa faiba, pamoja na hadina, dawa ya kuigandisha. Weka gramu 10 hadi 20 za hadina kwa kilo moja ya rezini, na kwa joto la Tanga anzia chini, la sivyo itagandia koponi ikifuka moshi. Fanyia kazi nje, vaa miwani, glavu na barakoa yenye chujio la mvuke. Ya kitambaa haizuii kitu. Gunia liwe kavu kabisa, rezini haipatani na unyevu. Hata hivyo jua litalichosha gunia pole pole. Abakanowicz mwenyewe, watu wake 106 waliosimama Chicago tangu 2006, aliwatengeneza kwa chuma.

Gunia lililoota ukungu livue, ulichome mbali na watu. Waya utautumia tena. Na kabla hujanunua jingine, chomoa uzi uuwashe. Juti, yaani nyuzi za gunia halisi, huungua kama karatasi na kuacha jivu. Ukiyeyuka na kuwa kitone kigumu, hiyo ni salfeti, yaani plastiki, gundi yako ya mbao haitaishika hata ukeshe nayo.