Umeme ukikatika mwezi mzima: kabla hujanunua jenereta, sikiliza yaliyotufika Unguja

Ndugu uliyeuliza ununue jenereta ya ukubwa gani ili wadukuzi wakiizima gridi ya taifa kwa wiki tatu usihangaike, hebu zuia pochi kwanza. Sisi wa Unguja tumekwishakaa gizani mara mbili bila ya mdukuzi hata mmoja. Waya wa chini ya bahari, unaotoka Ras Kiromoni kuja Fumba, ulilazwa mwaka 1980. Njia hiyo ilipopata hitilafu tulikosa umeme kuanzia 21 Mei hadi 18 Juni 2008. Hatujamaliza kusimuliana, tarehe 10 Disemba 2009 ukazimika tena, na safari hiyo tukakaa karibu miezi mitatu.

Mara ya kwanza nikikaa Michenzani, ghorofa ya nne, na bi mkubwa na wadogo zangu wanne. Siku mbili za mwanzo zilikuwa kama sikukuu: watoto uwanjani, watu wazima barazani mpaka usiku wa manane. Siku ya tatu nikafungua mfereji, ukatoa upepo. Pampu za visima vinavyolisha mji zinakwenda kwa umeme, na sisi wote tulikuwa tumeshughulika kununua mishumaa! Dumu la lita 20 ni kilo 20. Lipandishe ngazi mpaka ghorofa ya nne, mara sita kwa siku, halafu uje uniambie shida ni giza. Dumu moja kwa kila mtu, na humo humo mna kupika, kukoga, udhu, kufua na choo. Wiki ya pili maji ya kukogea hayamwagwi tena. Mtu anasimama ndani ya beseni, na yaliyobaki humo ndiyo ya kusukumia choo.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni tangi, na tangi lenyewe liwe juu ili maji yashuke yenyewe bila pampu. Huna nafasi ya tangi, nunua madumu yenye vifuniko vinavyobana. Tena tembea mtaani kwako leo, ujue kisima cha kuvuta kwa kamba kiko wapi, ni cha nani, na maji yake ni baridi au ya chumvi. Sisi tulikijua chetu siku ya nne, tukakuta foleni ya watu waliokijua tangu zamani. Maji ya namna hiyo chemsha kabla ya kunywa, na mkaa wa kuchemshia uuhesabu mapema, maana nao hupanda bei.

Chakula hakikututesa sana, kwa sababu bi mkubwa hakusubiri. Usiku ule ule umeme ulipokatika aliwatoa samaki wote kwenye friza, nusu akakaanga, nusu akatia chumvi, asubuhi wakaanikwa juani. Tulikula ng'onda mpaka tukachoka. Jirani yetu aliamini umeme utarudi kesho, akalifunga friza lake kwa mablanketi. Siku ya tano harufu ilitufikia sote.

Sasa hiyo jenereta. Mjomba alinunua moja ndogo kwa bei ya kuumia. Wiki ya kwanza alikuwa mfalme wa mtaa, simu zetu zote zinachajiwa kwake. Wiki ya tatu ilikuwa imekaa kimya pembeni, kwani petroli ya kila siku ilimshinda. Na kuna nyumba waliiwasha ukumbini wakiogopa wezi, wakaamka vichwa vinawapasuka na mtoto anatapika. Alhamdulillahi waliamka. Moshi wake una sumu isiyo na harufu wala rangi, kwa hiyo ikae nje, mbali na madirisha. Wala usiichomeke kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Umeme wako unaweza kurudi hadi kwenye nguzo ukamuua fundi anayekutengenezea. Fundi akufungie swichi ya kubadilishia, ile inayoitenga nyumba na waya wa nguzo wakati jenereta inawaka. Mimi leo ningenunua paneli ndogo ya sola ya kuchajia simu, taa mbili na redio, basi. Redio khasa, maana uvumi wa "kesho unarudi" tuliusikia kila siku kwa wiki nne.

Kuhusu udukuzi wenyewe, usije ukadhani lazima uwe wa wiki nyingi. Ukraine, 23 Disemba 2015, wadukuzi waliingia kwenye kampuni tatu za kusambaza umeme. Mlango wao ulikuwa faili zilizotumwa kwa barua pepe miezi kadhaa kabla. Wafanyakazi waliona mshale wa kompyuta unatembea wenyewe na kuzima vituo. Wateja kama 225,000 walikosa umeme, na laini ya huduma kwa wateja ikajazwa simu za uongo ili wenye shida wasipate kuuliza. Lakini mafundi walikwenda vituoni wakawasha kwa mikono, na umeme ukarudi ndani ya saa sita hivi. Kinachorefusha giza ni chuma kuharibika. Mwaka 2007 Wamarekani walifanya jaribio kwenye maabara ya Idaho, wakaliharibu jenereta kubwa la dizeli kwa maagizo ya kompyuta tu. Na transfoma kubwa haiuzwi dukani. Ukiagiza leo unaweza kuingoja mwaka na zaidi. (Wala si lazima adui awe na akili: Juni 2016 Kenya nzima ilizimika baada ya tumbili kuangukia transfoma kwenye kituo cha umeme cha Gitaru.)

Kinachonitisha mimi zaidi ni kisa cha Johannesburg, Julai 2019. Virusi vya kompyuta, vile vinavyodai fidia ndipo vifungue, vilifunga kompyuta za shirika la umeme la jiji, na watu wa mita za kulipia kabla wakashindwa kununua tokeni. Waya mzima, mitambo mizima, na wewe umo gizani kwa sababu uniti zimekwisha. Sisi nasi tumo kwenye mita hizo hizo, basi usisubiri uniti tano za mwisho ndipo ununue.

Na pesa. 2008 tuliishi kwa noti na daftari la mkopo la Mpemba wa dukani, Mungu amzidishie. Leo watu wengi pesa zao zimo kwenye simu, na mnara wa simu nao unakula umeme. Betri yake ina saa zake, na jenereta yake inataka dizeli ya kuletewa. Weka ndani noti ndogo ndogo za wiki mbili. Noti ya elfu kumi haina chenji siku kama hizo.

Mwisho, siku umeme unaporudi. Usiku ule mtaa mzima ulipiga kelele za furaha, na kabla ya kelele kwisha friji mbili za ghorofa yetu zilikuwa zimeungua, kwani ulikuja na nguvu, ukakatika, ukaja tena. Umeme ukikatika leo, chomoa kila kitu ukutani, uache taa moja tu imewashwa. Hiyo ikikaa nusu saa bila kucheza, ndipo uchomeke friji.