Bibi wa bustani anajibu: asmini majani tele, maua hamna

SWALI: Shikamoo bibi. Niko Tanga, nina asmini nimeipanda uani karibu na ukuta wa jikoni, imestawi mpaka inataka kuingia dirishani, majani mazito ya kijani lakini maua ya kuhesabu, na ya jirani yangu ni fupi tu ila kila jioni anachuma bakuli zima!! Mimi naiwekea mbolea ya kuku kila wiki, yeye haweki chochote. Kuna mtu kaitia jicho au?
Mama Mapacha, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Jicho hamna, ni hiyo mbolea ya kuku. Ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni ndo inayoleta majani, sasa mti unashibishwa kila wiki utahangaika na maua ya nini? Acha kabisa kwa miezi miwili mitatu, baadaye weka samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, mara moja moja tu. Halafu huo ukuta wa jikoni, jua linaufikia kweli? Asmini inataka jua lenyewe, masaa sita hivi kwa siku, ukiificha kivulini inarefuka kutafuta mwanga na ndo maana inakuingilia dirishani.

Lakini dawa kubwa ni mkasi, na hapa ndo akina mama wengi wanaionea mti huruma bila sababu. Maua ya asmini yanatoka kwenye ncha za machipukizi mapya, lile tawi refu la zamani unalolionea fahari halina cha kukupa. Kata theluthi ya mti wote, toa vijiti vilivyokauka na vinavyosongamana katikati, mwagilia, tulia. Wiki chache tu itachipua kila ulipokata na vitumba vitafuata huko huko kwenye machipukizi. Na kama unataka za kutunga kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake, chuma alasiri, vile vitumba vilivyojaa na kuwa vyeupe, vya kijani viache maana ukivichuma havifunguki. Ukisubiri mpaka asubuhi umechelewa, zinafunguka magharibi na harufu nyingi inaisha usiku.

SWALI: Bibi, mimi niko Nyali, Mombasa, nyumba mpya. Majani machanga ya asmini yanakuwa manjano ila mishipa imebaki kijani. Shemeji anasema niongeze maji na nimwage jivu. Nifanyeje?

JIBU: Shemeji mpe chai, ila jivu asilete! Udongo wenu huko ni wa matumbawe, chokaa tupu, na nyumba mpya mafundi wameshafukia vifusi vya simenti hapo hapo unapopanda maua. Kwenye udongo wa chokaa madini ya chuma yanakuwepo lakini mizizi inashindwa kuyachukua, majani machanga ndo yanaonyesha kwanza, hivyo hivyo unavyoyaona. Jivu linaongeza chokaa juu ya chokaa. Mti kama bado mdogo ung'oe na udongo wake, chimba shimo pana, toa vifusi, jaza mboji na udongo mweusi halafu urudishe. Kama ni mkubwa nunua duka la pembejeo mbolea ya kupulizia majani yenye madini ya chuma, pulizia asubuhi mapema. Maji ya kisima cha huko nayo mengi yana chokaa au chumvi, kinga ya mvua kila ukiweza.

SWALI: Eti asmini inaita nyoka? Mume wangu anataka kuikata.

JIBU: Nyoka hana shida na marashi, anafuata panya na vyura, na anapenda kichaka kilichofungana mpaka chini asionekane. Pogoa matawi ya chini uone ardhi, fagia majani, mume atalala.

SWALI: Asalaam aleikum bibi. Tupo Muscat, ghorofani, nataka asmini kwenye chungu balkoni. Itawezekana? Na mbegu napata wapi?

JIBU: Waaleikum salaam. Inawezekana sana, joto haliogopi. Mbegu usitafute, asmini hii kwa kawaida haizai, omba kijiti kwa mwenye nayo: unene wa penseli, urefu wa shibri moja, toa majani ya chini bakiza mawili matatu juu, chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, funika na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kivulini, na usikivute vute kila siku kuangalia kama kimeota mizizi. Mpe mwezi na zaidi. Chungu kiwe na matundu chini, maji yakituama mizizi inaoza. Kiangazi chenu kikali, mwezi wa sita mpaka wa nane, kinga jua la mchana na mwagilia asubuhi na jioni. Balkoni kavu inaleta utitiri, wale wadudu wadogo mno, utaona majani yana vidoa vidoa na utando mwembamba chini yake, hapo piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, rudia kila baada ya siku mbili tatu mpaka waishe.