MASWALI YA WASOMAJI: Safari ya kikundi kwenda Mwaka Kogwa, Makunduchi

Barua nyingi za mara hii zimetoka kwa vikundi vya akina mama wa bara wanaotaka kwenda Makunduchi, kusini ya Unguja, kwenye sherehe ya mwaka mpya wa jadi. Kwa yule ambaye hajafika: ni siku nne za ngoma, nyimbo, kupigana kwa magomba, kuchoma kibanda cha makuti, na kula nyumba hadi nyumba. Hakuna geti wala tiketi ya chakula. Chakula hicho ni cha mwenyeji, na hapo ndipo vikundi vingi hukosea hesabu.

Wanakikundi wengine wanasema sherehe ni tarehe 23 Julai, wengine 24. Tukatie tiketi ipi? (Katibu wa kikundi, Mbagala)

Dada Katibu, msikate tiketi kwa tarehe ya mwaka uliopita. Mwaka Kogwa hufuata mwaka wa jua wa jadi, ambao wakulima na wavuvi wa pwani huhesabu kwa miongo: miongo 36 ya siku kumi kumi, kisha siku 5 za kufungia mwaka, ziitwazo gatha, jumla 365. Mwaka huo hauna siku ya ziada kila baada ya miaka minne kama kalenda ya ukutani. Kwa hiyo sherehe hurudi nyuma siku moja kila miaka 4, na ndiyo maana zamani za mababu ilikuwa ikiangukia Agosti.

Mpigieni simu mtu wa Makunduchi mwezi mmoja kabla, awape siku ya kuchoma kibanda. Mkishaijua, vukeni siku moja kabla yake. Kutoka mjini Unguja hadi Makunduchi ni kilomita 60 na ushei. Anayeshuka boti mchana na kutaka kuwahi siku hiyo hiyo, mara nyingi hukuta majivu.

Tuko 28. Tunataka kupika wali wa nazi kwa mwenyeji wetu, lakini kwenye shughuli yetu iliyopita wali ulitoka bokoboko chini na mbichi juu. Tulitumia maji yale yale ya nyumbani, vikombe viwili kwa kimoja. (Mpishi wa kikundi, Temeke)

Kosa liko hapo kwenye vikombe viwili. Katika sufuria ndogo maji mengi hupotea kwa mvuke. Kwenye sufuria kubwa yenye mfuniko mzito hupotea machache sana ukilinganisha na wingi wa mchele, hivyo yanayobaki hulala chini na kuuvuruga. Juu nako moto haufiki, kwa sababu tabaka nene la mchele ni kama blanketi. Mtu akiona juu mbichi huongeza maji na kukoroga, na hapo punje huvunjika.

Kwa watu 28 na wenyeji kama 12, hesabuni gramu 125 za mchele mkavu kwa kila mmoja: kilo 5. Igawanyeni katika sufuria mbili za kilo 2.5, pana kuliko ndefu. Kila sufuria inataka nazi 5. Kuneni, kamueni kwa lita 1 ya maji ya vuguvugu mpate tui zito, mliweke kando. Kisha rudieni chicha mpate lita 2.75 za tui jepesi. Mchele uloweke nusu saa, uchujwe.

Chemsheni tui jepesi pamoja na chumvi, kijiko kikubwa kimoja na nusu, huku mkikoroga mpaka lichemke, la sivyo hukatika. Tieni mchele. Tui likishuka usawa wa mchele, mimineni lile zito, geuzeni mara moja tu kutoka chini kwenda juu, mfunike. Hapo ondoeni moto mwingi chini, mpalie makaa juu ya mfuniko kwa dakika 20 hadi 25. Kupalia ndiko kunakoivisha tabaka la juu, si maji.

Kuna jambo jingine ambalo huenda ndilo liliwaponza: Julai sokoni kuna mchele wa msimu mpya. Mchele mpya hunywa maji kidogo kuliko uliokaa ghalani. Mkiununua, punguzeni glasi moja ya tui jepesi kwa kila kilo, mkae nayo karibu.

Tafadhalini sana, msiupike Dar mkausafirisha. Mchele una vijidudu visivyoonekana kwa macho, vyenye mbegu zisizokufa kwa kuchemsha. Wali ukikaa vuguvugu ndani ya ndoo iliyofunikwa, vijidudu hivyo huzaliana na kuacha sumu ambayo hata mkiupasha moto haitoki. Saa mbili zinatosha kuuharibu. Bebeni mchele mkavu, na njiani kuleni maandazi, kashata na ndizi. Tena mkifika, mkabidhini mama mwenye nyumba mchele na nazi kwanza, kisha mwombeni ruhusa ya kusaidia. Huenda ameshaweka sufuria zake.

Wanachama sita wamejitoa wiki ya mwisho na wanadai fedha zao zote. (Mweka hazina, Kinondoni)

Tenganisheni fedha za gari na fedha za kichwa. Chakula na tiketi ambayo haijakatwa ni fedha za kichwa. Mtu akijitoa, hurudishiwa. Kosta haipungui bei kwa sababu viti viko wazi. Tuseme imekodiwa kwa shilingi 300,000: kwa watu 28 kila mmoja hulipa kama 10,700, wakibaki 22 inapanda hadi kama 13,600. Si haki waliobaki wabebe tofauti hiyo. Andikeni mapema, kila mtu atie sahihi, kwamba fedha ya gari hairudi baada ya malipo ya awali isipokuwa aliyejitoa alete mbadala. Kwa hawa sita, kama hamkuandika, kaeni nao kikao, msiwakate kimyakimya.

Ni salama kwenda na watoto? Na tuvaeje? (Mama wa watatu, Kigamboni)

Ni salama mkisimama mahali panapofaa. Wanaume wa upande wa kusini na wa kaskazini hupigana kwa magomba, kwa bidii kweli, na uwanja husogea pamoja nao. Wekeni watoto nyuma ya akina mama wanaoimba. Kibanda kikiwashwa, kaeni upande upepo unakotoka. Julai ni kusi, upepo utokao kusini, basi mara nyingi ni kusini ya moto. Wazee huutazama moshi unaelekea wapi kuujua mwaka unaokuja. Msiwazibe kwa simu zenu.

Vaeni gauni refu au dira na kanga ya kujitanda. Pombe iacheni. Mtu mzima mpeni shikamoo kabla ya kuomba picha.

Kusi hiyo hiyo huchafua bahari. Anayetapika ameze dawa yake nusu saa hadi saa nzima kabla ya kupanda boti, akae chini, katikati, atazame nje mbali. Akisubiri mpaka aanze kichefuchefu, dawa itatoka na matapishi.