Lisbon kwa siku moja, marafiki watano: anzieni Belém, shukeni vilima, vukeni mto

Msomaji mmoja aliyeko Ujerumani ameandika: wako watano, watatua Lisbon Ijumaa usiku na kuondoka Jumapili alfajiri, na orodha yao ina vituo kumi na vinne. Orodha ya namna hiyo ndiyo inayogombanisha marafiki. Mji umekaa juu ya vilima, njia za miguu zimetandikwa vijiwe vya chokaa ambavyo mvua ikinyesha huteleza kama sabuni, na watu watano hawana mwendo mmoja. Punguzeni mbaki na vitatu: Belém (mtaa wa kando ya mto, magharibi) asubuhi, Alfama (mtaa wa kale wa kilimani) alasiri, ng'ambo ya mto jioni. Na viatu viwe vya soli inayoshika.

Usiku uleule mkifika kituo cha metro cha uwanja wa ndege, kila mtu anunue kadi ya Navegante. Kadi tupu ni senti 50. Watu wawili hawatumii kadi moja. Akipita wa kwanza, geti litamkataa wa pili. Mashine itauliza kama mnataka tiketi ya saa 24 au Zapping, yaani salio la kukatwa safari kwa safari. Chukueni Zapping, euro 10 kila mmoja. Tiketi ya kawaida ya saa 24 ni ya metro, tramu na mabasi tu. Haikubaliki kwenye treni ya Belém wala kwenye feri ya kawaida ya kuvuka mto, na siku hii inavitaka vyote viwili. Msibadili mawazo katikati pia, kwa sababu kadi yenye salio la Zapping haipokei tiketi ya aina nyingine.

Jumamosi asubuhi nendeni kituo cha Cais do Sodré mkapande treni, si tramu namba 15 ambayo hujaa mpaka mlangoni. Ni chini ya dakika kumi. Someni ubao kwanza, maana baadhi ya treni za haraka za kwenda Cascais huipita Belém bila kusimama. Muwe mmefika monasteri ya Jerónimos saa tatu na robo, kabla milango haijafunguliwa. Saa nne na nusu mabasi ya watalii yanakuwa yameshawasili na foleni iko juani. (Jumatatu pamefungwa, na Jumapili asubuhi kanisani kuna misa.) Kuna milango miwili na foleni mbili: ua wa ndani ni wa kulipia, kanisa la Santa Maria ni bure. Kama fedha ni za kubana, kanisa linatosha.

Mkiingia tu, kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama, jiwe jeupe lililochongwa merikebu, na kulia ni la mshairi Camões. Hapo msipite kwa haraka. Da Gama ndiye aliyefika Mombasa Aprili 1498, akapata rubani Malindi wa kumvusha hadi India, na 1502 akaja Kilwa na mizinga kudai kodi. Mwongozaji atawaambia habari za ujasiri na viungo. Habari za Kilwa mtaambiana wenyewe, na mziseme kwa sauti. Wareno waliacha ngome Mombasa, na wakaacha maneno mdomoni mwetu: kanisa wanaliita igreja, ndiyo asili ya gereza letu. Meza, bendera, leso, mvinyo, vyote mtavisikia kabla ya jua kutua.

Hatua chache kutoka hapo ni duka la vikeki vya krimu la Pastéis de Belém, lililofunguliwa 1837. Foleni ya nje ni ya wanaobeba. Wanaokaa huingia moja kwa moja ndani, ambako vyumba ni vingi na nafasi hupatikana mapema. Agizeni viwili viwili, vya moto. Nyunyizeni mdalasini kwanza, halafu sukari ya unga kidogo. Kikiwa sawa, ukingo unavunjika kwa sauti na katikati panatikisika bila kumwagika. Msibebe kisanduku cha jioni, maana ukoko hunyonya unyevu wa krimu, na baada ya saa chache mnatafuna ngozi.

Chakula cha mchana kiwe saa sita na nusu, mkiwa mmesharudi mjini. Jikoni nyingi hufunga saa tisa na kufungua saa moja usiku, na kikundi kinachosema “tutakula baadaye” huishia kwenye migahawa yenye picha za vyakula mlangoni. Tafuteni tasca, mgahawa mdogo wa wenyeji, na muulize prato do dia, yaani chakula cha siku. Mkikaa tu, mhudumu ataleta kikapu cha mkate, zeituni na jibini. Hiyo inaitwa couvert, na mkiigusa mmeinunua. Kwa watu watano inaweza kufika euro 15. Semeni “não, obrigado” mapema, irudi jikoni. Kwenye menyu tazameni maneno dose na meia dose: dose hushibisha wawili, meia dose mmoja. Dose mbili na meia dose moja zinawatosha nyote.

Bacalhau ni ng'onda wa kwao, samaki wa chumvi aliyelowekwa siku nzima au zaidi. Anzeni na bacalhau à Brás, iliyochambuliwa na kukorogwa na mayai na chipsi nyembamba. Asiyekula nguruwe aulize kila mara, “tem porco?” Supu ya caldo verde ya sukuma wiki inaonekana salama, lakini huwekwa kipande cha soseji, na mafuta ya nguruwe hujificha hata kwenye keki. Migahawa ya halali imejipanga Rua do Benformoso, karibu na uwanja wa Martim Moniz.

Tramu namba 28 muitazame ikipita. Foleni yake Martim Moniz huweza kula saa nzima, na ndani ndiko wachomoaji wanakofanyia kazi. Basi namba 734 kutoka hapohapo linapanda hadi Graça, mtaa wa juu kilimani. Kisha ni kushuka tu kwa miguu: roshani za kutazamia mji za Portas do Sol na Santa Luzia, vichochoro vya Alfama mpaka mtoni. Wanaopanda Alfama kutokea chini hufika juu wakiwa hawasemezani.

Fuateni mto hadi Cais do Sodré, mvuke kwa feri hadi Cacilhas, ng'ambo ya mto, kama dakika kumi, jua likizama upande wa daraja. Huko mle samaki wa kuchoma, sadini ikiwa ni kati ya Juni na Septemba. Samaki wengine huuzwa kwa kilo. Kama menyu inasema euro 50 kwa kilo, na samaki ana gramu 900, huyo ni euro 45 peke yake. Mwambieni mhudumu ampime mbele yenu kabla ya kuingia motoni, na mumwarifu pale pale kama mnataka bili tofauti. Kila kadi ibaki na angalau euro 2 za kurudia.